Nyumba Yenye Ukuta na Nyumba Yenye Ua

Ipuli, Tabora
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Nyamizi,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wakazi wote wa nyumba hii, yaani wazee wawili na kuku sita, napenda kukutangazia kwamba mguu wa nne wa stuli ya jikoni, uliovunjika wewe ukiwa darasa la tatu, umerudishwa mahali pake leo saa nane mchana. Sherehe za uzinduzi zilihudhuriwa na mama yako. Aliitazama stuli, akanitazama mimi, akaenda kukaa kwenye mkeka. Miaka ishirini na kitu nawachongea watu wa Tabora milango, vitanda na makabati ya mninga, na mke wangu wa ndoa haiamini stuli yangu. Sikumlaumu. Nilipoikalia mwenyewe ililia kidogo.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu mkono ulikataa kuanza na nyingine.

Wewe na mumeo Yohana mmetoka kwenda kuaga kwa shangazi yako, watoto mmekwenda nao, na treni ya kuwahamishia Dodoma ni kesho. Mambo ya safari mama yako ameyatwaa yote. Anajua nepi ngapi ziwe juu na ngapi chini, kikapu kipi kisitoke mkononi mpaka Dodoma, na ile sukari aliyoipangia foleni dukani imefichwa kwenye nguo gani. Asubuhi nilijaribu kutoa neno la busara kuhusu kufunga sanduku kwa kamba, nikaambiwa sanduku limefungwa tangu jana. Kwa hiyo nimebaki na jambo moja tu, na hilo hakuna aliyenituma kulisema.

Ni habari ya zile nyumba mbili.

Alhamisi, Yohana alipoitandaza karatasi yake ya ofisini juu ya meza, nilikuwa nasikiliza ingawa nilijifanya nanoa patasi. Nyumba ya kwanza ni ya serikali, upande mpya wa mji, vyumba viwili, ukuta mrefu kuizunguka na geti la bati. Ya pili ni vyumba viwili kwa mjane mmoja wa Kigogo karibu na stesheni, ua mmoja, bomba moja, wapangaji wengine watatu. Jumatatu Yohana anatakiwa aseme anachukua ipi. Niliona macho yake yako kwa mjane. Niliona pia kwamba atafanya utakalosema wewe, maana mkwe wangu ni mtu wa amani. Asipogombana nawe wiki mbili mfululizo huwa najiuliza anaficha nini.

"Yule mama mimi simtaki," ukasema. "Yohana kakaa naye nusu saa tu, kishaulizwa mtoto ana meno mangapi, ananyonya vizuri, usiku analala upande gani. Ya nini yote hayo?"

"Labda anapenda watoto," Yohana akasema.

"Hajaniona mimi, anampenda mtoto wangu? Baba ndiye aliyenifunza. Mtu akimpenda mwanao kabla hajakujua wewe, funga mlango. Si ndivyo, baba?"

Nami nikasema, "Mm."

Hiyo "mm" imenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu Alhamisi. Nimekula nayo, nimelala nayo, leo nimetengeneza stuli ya miaka kumi na mitatu nikidhani itashuka. Haikushuka.

Mimi ni mtu wa mashaka, mama, na hilo si siri ya nyumba. Nakuita mama kwa kuwa umelibeba jina la mama yangu, na yeye ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumshuku, labda kwa sababu alikufa mapema. Barua ikija ina gamu nyingi, namshuku aliyeifunga. Ikiwa na kidogo, namshuku aliyeileta. Mteja akiagiza mlango wenye makomeo mawili najiuliza ana nini ndani. Akiagiza wenye komeo moja najiuliza ana nani nje. Balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja mara ya kwanza na daftari lake, akiuliza tuko wangapi na tumelala na mgeni gani, nilimjibu kwa ufupi hata akaandika kwamba nyumba hii ina bubu mmoja. Mama yako ndiye aliyemfuata njiani kusahihisha.

Sisi tuliozaliwa kijijini Ipole tumelelewa hivyo. Babu yako alikuwa na mizinga ya nyuki porini, na hata mdogo wake wa tumbo moja hakujua yote imetundikwa wapi. Kumwuliza mtu mizinga yake iko upande gani ilikuwa kama kumwuliza siku gani atakufa. Wanaume walikutana njiani, mmoja katoka kurina asali mpaka viwiko vinang'aa, mwingine anamwuliza, "Unatoka wapi?" na yule anajibu, "Natembea tu." Na yule anaridhika. Huko ndiko nilikojifunza adabu, nikaingia nayo mjini.

Tuliingia mjini mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, baiskeli moja, mke mmoja, mtoto wa miezi minane ambaye ni wewe, na akili ya kutosha kuona ubaya popote. Nilikuwa nimepata kazi kwenye karakana moja karibu na reli. Mama yako nilimwacha na wewe kwa binamu yake kwa wiki tatu, nikawa nazunguka jioni kutafuta mahali pa kuwalaza. Nilijiona mtu makini sana. Ningependa ungeniona.

Nilianza Kanyenye. Watu walikuwa wamekaa vibarazani wanacheka. Nikajiambia, hawa wananicheka mimi. Nikageuza baiskeli nipite tena nihakikishe. Mara ya pili walicheka zaidi, na hapo walikuwa na haki, kwa maana suruali ilikuwa imenaswa kwenye mnyororo na mimi naruka kwa mguu mmoja katikati ya barabara. Kanyenye nikaifuta.

Nikaenda Cheyo. Kimya. Milango imefungwa mchana kweupe. Nikabisha mmoja kuulizia chumba. Mwanamume akaufungua upana wa kiganja.

"Nani kakutuma?" akauliza.

"Sikutumwa. Natafuta chumba."

"Hapa nani kakuambia kuna chumba?"

"Hakuna."

"Basi hakuna," akasema, akafunga.

Nikaondoka nikisema huyu ana jambo lake. Leo nikimkumbuka naona kwamba mtaa mzima ule, yeye ndiye tungeelewana.

Watu wa mtaa wa Ng'ambo walinishinda kwa ukarimu. Sijashuka kwenye baiskeli, "Karibu, karibu, kuna chai." Chai ya nini? Mtu hajui naitwa nani. Nilikunywa nusu kikombe kwa woga wa kukataa, na usiku ule nililisikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza mwizi darini. Halikusema kitu. Hata hilo nikalishuku.

Tukaishia Gongoni. Nimekuwa nikiwaambia kwamba niliichagua Gongoni baada ya kupima mambo mengi. Ukweli ni kwamba mvua ilianza, na nyumba niliyojibanza barazani pake ilikuwa na vyumba viwili vitupu.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Chumba cha mbele alikaa Mzee Shabani na mkewe Bi. Mwanaidi. Watu wa mji wa siku nyingi, Waislamu, watoto wao wameshakua na kutawanyika na reli, mmoja Kigoma, mwingine Mwanza. Mzee Shabani alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani. Bi. Mwanaidi alisuka ukili, mikeka na zile kawa za kufunikia chakula, na vidole vyake vilikwenda vyenyewe huku macho yake yanafanya kazi nyingine, nayo ilikuwa kututazama sisi.

Siku ya kwanza hatujafungua hata mzigo, Bi. Mwanaidi akasimama mlangoni na sahani imefunikwa kawa.

"Hodi wenyewe. Nimewaletea kidogo. Mgeni hapiki siku ya kwanza."

"Shikamoo, mama," mama yako akasema.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu? Miezi mingapi? Ananyonya? Usiku analia? Hebu nimwone meno."

Akakushika kidevu, akakufungua mdomo kama mtu anayenunua ng'ombe. Nilikuwa nimesimama pale na nyundo mkononi. Hakuniuliza mimi chochote, hata jina. Alipotoka nikaifunua ile kawa. Wali, na mchuzi wa kuku. Harufu yake naikumbuka mpaka leo.

"Usile," nikamwambia mama yako.

"Kwa nini?"

"Tunamjua?"

Tulikuwa tumetoka Ipole na tetea mmoja mwekundu, mwembamba kama mwavuli. Nikamteua kuwa mwonjaji mkuu. Nilimpa wali wote nyuma ya choo, nikamkalia pembeni nikisubiri aanguke. Hakuanguka. Nikasema, sumu nyingine huchelewa. Kesho yake yalikuja maandazi, akala yeye. Keshokutwa kisamvu cha karanga, akala yeye. Wiki mbili, mwanangu, tetea akala kama bibi harusi, na sisi tukala ugali kwa mlenda. Akanenepa mpaka akawa anatembea kwa kuyumba.

Bi. Mwanaidi akamwona uani. "Baba Nyamizi," akaniambia, "kuku wenu huyu anapendeza. Mnamlisha nini?"

Mama yako alijigeuza ukutani akashikilia tumbo. Nilidhani anaumwa.

Jingine lilikuwa asali. Tulikuwa na kibuyu cha asali ya babu yako, na kila nikikiinua naona kimepungua. Nikafanya hesabu zangu, nani anaingia chumbani nikiwa kazini, jibu likawa lile lile. Kibuyu hakionyeshi kilichomo, basi nikaihamishia asali kwenye chupa, nikachora mstari kwa penseli ya kazini pale ilipoishia. Jioni asali ilikuwa chini ya mstari kwa vidole viwili. Nikalala nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa mwizi alikuwa mama yako. Sahani ya jirani hairudi tupu, wewe unajua, na yeye hakuwa na kingine cha kuweka. Kwa hiyo Bi. Mwanaidi alitutumia chakula, kuku akakila, naye akarudishiwa asali na kudhani tumekifurahia.

Kisha ukaja uzi. Nilirudi kazini nikakukuta na uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono, umeshonewa kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mahindi. Hirizi. Wao huwafunga watoto ili jicho la mtu lisiwadhuru. Mimi ni Mmoraviani, nilibatizwa nikiwa mtoto, mambo hayo tuliambiwa tusiyasogelee. Lakini nisijifiche nyuma ya kanisa, sikufikiria kanisa. Nilifikiria: ametia alama yake. Nikaukata kwa patasi, nikautupa chooni. Kesho yake Bi. Mwanaidi akakutazama mkono mtupu. Hakusema kitu, akaendelea kusuka. Ukimya wake nikauweka pamoja na ushahidi mwingine.

Na msimu huo ndio yalivuma maneno ya mumiani. Ninyi mmekua mkisikia neno hilo kama la kutishia watoto, lakini wakati ule watu wazima hawakutoka baada ya magharibi. Ilisemwa kuna watu wanaolipwa kukamata wenzao, wawanyonye damu, iuzwe ikawe dawa. Ilisemwa wana gari. Ilisemwa hawana gari, wanatumia wanawake. Pale karakanani kila fundi alikuwa na shemeji aliyeponea chupuchupu. Mimi nilikuwa nasikiliza kuliko wote na kusema kidogo kuliko wote, nikawa natengeneza komeo la pili la mlango wetu.

Kinachofuata unakijua. Mnakijua wote katika nyumba hii, maana nimewasimulia kila mwaka: siku baba alipomwokoa Nyamizi. Mwanamke wa Gongoni alikubeba bila ruhusa, akakufunika kanga, akatokomea nawe. Baba akatoka kazini, akapiga mbio mji mzima, akakunyakua mikononi mwake, na wiki ile ile tukahama. Nakumbuka ulivyokuwa ukiniomba nirudie pale pa mbio. Kila mwaka niliongeza mwendo. Ulipofika darasa la saba nilikuwa naipita treni.

Katika hadithi hiyo lililo kweli kabisa ni kwamba tulihama.

Tulikuja huku Ipuli wakati palikuwa pori na nyumba moja moja kama meno ya kibogoyo. Niliichagua hii kwa sababu ukisimama mlangoni ulikuwa huoni paa la mtu. Hakuna wa kuleta sahani, hakuna wa kuhesabu meno. Nilikuwa na amani kamili, nawe ulijifunza kuongea ukiwa na miaka mitatu kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuongea nawe ila mama yako, naye alikuwa ameanza kuongea na kuku. Mdogo wako alipotaka kuzaliwa, mvua inanyesha, hapakuwa na mwanamke wa karibu. Nilimpokea mimi, kwa mikono hii ya randa. Mama yako aliniambia, "Acha kutetemeka, huyu si mlango." Namshukuru Mungu yalikwisha salama. Sikumweleza mtu jinsi yalivyokuwa karibu kwisha vingine.

Kila Jumamosi mama yako alikwenda sokoni. Anatoka saa mbili, anarudi saa tisa, na kikapu kina nyanya nne. Mimi ninayeshuku gamu ya bahasha, utaniambia nisishuku nyanya nne? Jumamosi moja nikamwacha atangulie, nikamfuata kwa baiskeli, nimevaa koti la mvua jua likiwaka. Alipita soko bila kugeuza shingo. Akaingia Gongoni, kwenye nyumba ile ile, akapita ukumbini mpaka uani kama kwake. Nikazunguka nyuma, nikachungulia kwenye ufa wa ua wa makuti.

Alikuwa anatwanga. Bi. Mwanaidi amekaa kwenye mkeka anapepeta kwa mkono mmoja, na ule wa kushoto ameulaza pajani, umepinda hapa chini ya kiwiko. Wanacheka. Nikasikia mama yako anasema, "Yule? Yule hata kivuli chake hukigeukia akakiuliza kinatoka wapi." Bi. Mwanaidi akasema, "Muache, mwanangu. Ana watoto wadogo."

Nilirudi Ipuli polepole. Sikumwambia nilimwona, naye sikumwuliza tena habari za nyanya. Bado huenda, Jumamosi zote hizi. Leo tu hakwenda, kwa ajili yenu. Bahasha hii sitaifunga, kwa hiyo ataisoma kabla yako, na huenda ndiyo sababu siifungi.

Sasa, kuhusu Dodoma. Usinisubiri nikuambie mchukue ipi. Nimeiwaza nyumba ya ukuta na nyumba ya ua siku tatu, na kama ninavyojijua, nimepata ubaya kwenye zote. Ukuta ule nani kaujenga, na alikuwa anamwogopa nani? Geti la bati likigongwa usiku mtoto ana homa, litasikiwa na nani? Na yule mjane naye simjui. Huenda ni mbea, meno ya mwanao yatajulikana stesheni nzima kabla ya Krismasi. Huenda anatafuta wa kumchotea maji. Huenda ni mtu aliyelea watoto wake wakatawanyika na reli. Mimi nitajuaje, nikiwa Ipuli?

Najua kidogo tu kuhusu Wagogo, na hicho nimepewa na walionitangulia. Baba wa babu yangu alipita kwao akiwa mpagazi, pembe ya ndovu begani, kutoka hapa Unyanyembe kwenda pwani. Nchi kavu, maji ni yao, wakadai hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo watu wanywe. Waligombana, wakapigana, wakazikana, na mwisho wakawa watani, maana njia ni ile ile na lazima urudi kwayo. Ukifika, Mgogo akisikia wewe ni Mnyamwezi atakuuliza mzigo umeutua wapi. Usikasirike. Mwulize yeye maji ameyaficha wapi. Mengine mtaendelea wenyewe. Wapagazi wale walikuwa na mashaka kuliko mimi, nadhani, na bado kila jioni walilala mahali penye watu.

Lakini hayo ni maneno ya pembeni. Ninachokudai, au tuseme unachonidai wewe, ni hiki: usichague nyumba kwa sababu ya hadithi yangu. Yule mjane umemkataa kwa kosa la Bi. Mwanaidi, na kosa la Bi. Mwanaidi nililitunga mimi. Nakuandikia sasa ilivyokuwa. Nikiacha kitu, ni kwa kutojua, si kwa kutaka.

Ilikuwa saa nne au tano asubuhi. Mama yako alikuwa amekwenda kufua nguo kisimani, na wewe alikuwa amekuacha kwa Bi. Mwanaidi. Nilikuwa nimemkataza. Alikuacha kila siku, nami sikujua. Ukashikwa na homa, homa ikapanda, ukapata degedege. Bi. Mwanaidi hakungoja mtu. Alimtuma mumewe akamwite mama yako kisimani, yeye akakufunga kifuani kwa kanga, akaenda nawe hospitali kwa miguu, karibu anakimbia, mwanamke wa umri ule.

Fundi mwenzangu alimwona njiani, akaja kuniambia, "Mtoto wako nimemwona kabebwa, kafunikwa gubigubi." Nikaenda nyumbani. Vyumba vitupu. Mpangaji mmoja akaniambia wameelekea kule. Nikatoka. Sikupiga mbio sana. Nilikuwa na kiatu kimoja kilichopasuka.

Karibu na soko palikuwa na wanaume kama kumi wamesimama. Mmoja akaniuliza, "Vipi, bwana, mbona hivyo?"

Ningeweza kusema namtafuta mwanangu. Nilisema, "Mwanamke amechukua mtoto wangu. Ni hao mumiani."

Hakuna aliyekuwa amenitajia mumiani. Neno lile nililitoa mimi, kwa kinywa changu, na mara lilipotoka halikuwa langu tena. Kumi wakawa hamsini. Tukakutana naye anarudi kutoka hospitali, anatembea taratibu kwa jua, wewe umelala. Walirusha mawe kwanza. Akageuka akawapa mgongo, akakukunjia kifuani akainama juu yako. Halafu mmoja akaja na gongo. Nilisikia mfupa. Mimi ni fundi, najua sauti ya kitu kigumu kinapovunjika.

Aliinua uso akaniona. "Afadhali umefika, baba Nyamizi," akasema. "Waambie mimi ni nani."

Nilisimama. Nataka uniandikie ukiwa Dodoma unieleze ni muda gani mtu anaweza kusimama hivyo, kwa maana mimi sijui ulikuwa muda gani.

Aliyewazuia alikuwa mchuuzi mmoja wa soko aliyemfahamu. Akapiga kelele, "Huyu si mke wa Mzee Shabani, wanaharamu nyie?" Watu wakaanza kurudi nyuma. Yule mwenye gongo akanigeukia mimi, mbele ya Bi. Mwanaidi, akasema, "Si wewe uliyetuambia?" Akalitupa gongo lake, akaondoka. Mama yako na Mzee Shabani walikuwa bado mbali, wanakuja wanakimbia. Hawakusikia. Bi. Mwanaidi alisikia.

Akanisogelea. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia, kwa ule mwingine akaifungua kanga, akakutoa, akanipa.

"Dawa ya kwanza kanywa," akaniambia. "Ya pili mpeni jioni. Msisahau, ni chungu, ataikataa."

Sikumwambia pole, wala asante. Nilikupokea, nikakugeuza pembeni ili asinione, nikakunusa mdomo nijue amekulisha nini.

Ulinukia chungwa. Alikuwa amekukamulia chungwa juu ya dawa, usiitapike.

Mimi baba yako,
fundi wa milango.